Lavenda inanipa usingizi, mume wangu inamnyima pumzi

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, nimeolewa kwa miaka 19 na nina watoto watatu, ambao wa mwisho ana miaka mitano. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda ukaliona dogo, maana ni suala la chupa mbili za mafuta ya lavenda, lakini limefika mahali ambapo mimi na mume wangu tunakwenda kulala kila mmoja amemnunia mwenzake.

Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi, tukamchukua akaja kukaa kwetu. Alikaa mwaka mmoja na miezi minne. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na alihitaji kugeuzwa usiku ili asipate vidonda vya kulalia. Mume wangu alimgeuza kabla ya kulala, mimi niliamka saa tisa usiku, na alfajiri tulisaidiana. Muuguzi aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi ndiye aliyenifundisha kutumia lavenda. Alichanganya matone machache katika mafuta ya nazi, akampaka mama kwenye ule mkono uliopooza, ambao vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama ngumi. Tangu siku hiyo kazi ile ikawa yangu. Nilivikunjua kimoja kimoja, nikianzia cha mwisho na kumalizia na dole gumba, na mama, ambaye maneno yalikuwa yamempotea, alifumba macho na kushusha pumzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yetu ya kuzungumza.

Mama alifariki miezi tisa iliyopita. Tangu wakati huo ninaamka saa tisa usiku kila siku bila kengele wala sauti yoyote, kisha nabaki macho hadi kunapokucha. Daktari aliniandikia vidonge vya usingizi. Vilinilaza, lakini asubuhi niliamka na kichwa kizito, na siku moja kazini niliingiza hesabu za mwezi mzima kwenye safu isiyo yake. Niliogopa sana. Ndipo nilipoikumbuka lavenda.

Sasa nina utaratibu wangu. Watoto wakishalala, naacha simu sebuleni, naingia chumbani na kufunga mlango. Ninajaza maji kwenye kile kifaa cha umeme kinachotoa ukungu wenye harufu na kudondosha mafuta. Nilianza na matone manne, siku hizi ni kumi na mawili, maana manne siyasikii tena. Kisha nachukua chupa ndogo iliyobaki tangu wakati wa mama, ambayo kifuniko chake kimepasuka, na kupaka tone moja kwenye kila kifundo cha mkono. Ninajilaza gizani kwa nusu saa. Chini ya mto nina kifuko cha maua makavu ambacho binti yangu mkubwa alinishonea. Kwa kweli maua yale yameshakuwa unga na hayanukii tena, lakini siwezi kulala bila kukishika. Bado ninaamka saa tisa, ila usiku mwingi nalala tena.

Kwa kuwa nafuu imepatikana, nimeanza kupunguza vidonge mwenyewe. Navikata nusu kwa kisu cha jikoni. Wiki mbili zilizopita nilikaa siku tatu bila kumeza chochote. Mikono ikawa inatetemeka, moyo unanienda mbio na usingizi ukaniruka kabisa, nikarudi kwenye nusu. Daktari sijamwambia, na mume wangu hajui.

Tatizo ni kwamba mume wangu ana pumu tangu utotoni. Miezi miwili sasa, tangu niliponunua kifaa hicho pamoja na chupa mpya kubwa, ambayo harufu yake ni kali kuliko ya kwanza, anakohoa usiku, na mara mbili au tatu kwa wiki anaamka kutafuta dawa yake ya kuvuta. Usiku mmoja aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, “Chumba hiki kinanuka kama chumba cha marehemu.” Nilimjibu kwa hasira kwamba marehemu huyo ni mama yangu. Tangu siku hiyo analala sebuleni, na amesema nichague, ama yeye au mafuta. Ninavyoona, anataka nimsahau mama.

Wifi yangu, ambaye ndiye ninayemweleza mambo yangu, anasema lavenda ni kitu cha asili na hakiwezi kumdhuru mtu, na kwamba kama harufu ndiyo shida, niache kuinusa na badala yake nidondoshe mafuta hayo kwenye chai ya jioni. Nimesita. Pia nina upele mwekundu unaowasha kwenye vifundo vya mikono, ambao nadhani umetokana na sabuni.

Mshauri, je, ni haki niache kitu pekee kilichonirudishia usingizi? Au nina makosa ambayo siyaoni?

Msomaji wa saa tisa usiku

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa dada yangu,

Pole sana kwa msiba wa mama. Pole pia kwa ile miezi kumi na sita iliyoutangulia, ambayo nadhani hakuna aliyekupa pole kwa ajili yake, kwa sababu wakati huo mama alikuwa hai na wewe ulikuwa unafanya kinachotakiwa. Umeniomba nikuambie kama una makosa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na neno “makosa” silioni mahali pa kuliweka. Ninachokiona ni mambo kadhaa yaliyofungwa katika fundo moja: usingizi wako, vidonge unavyokata kwa kisu, kifua cha mume wako, na mama. Lavenda imepita katikati ya yote, ndiyo maana imebebeshwa mzigo wa yote.

Niruhusu nianze na vidonge, kwa sababu kwa hili moja sitazunguka. Hukutaja jina la dawa uliyoandikiwa, lakini dawa nyingi za usingizi, hasa zile za kundi la benzodiazepini na zinazofanana nazo, mwili huzizoea. Mtu aliyezitumia kwa muda akiziacha ghafla, anaweza kupatwa na kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi na usingizi mbaya kuliko ule wa mwanzo, na kwa baadhi ya watu hufikia hata degedege. Uliyoyaeleza kuhusu zile siku tatu yanafanana na hali hiyo. Isitoshe, vipo vidonge ambavyo havitakiwi kukatwa kabisa, kwa sababu vimetengenezwa vitoe dawa polepole. Nia yako ya kuvipunguza naielewa na huenda daktari wako akaiunga mkono, maana dawa hizi kwa kawaida hukusudiwa kutumika kwa muda mfupi. Lakini kupunguza huko hupangwa kwa hatua ndogo na kwa majuma, mtu akifuatiliwa. Naomba uende kwake wiki hii, na kabla ya kumwona usiongeze wala usipunguze zaidi bila kumuuliza. Mweleze yote, pamoja na kisu cha jikoni. Hutakuwa mgonjwa wa kwanza kumweleza jambo la namna hiyo.

Kuna jambo jingine linalotokana na hapo. Usiku ule mbaya uliokurudisha kwenye nusu kidonge huenda haukuonyesha jinsi unavyolala bila dawa. Huenda ulikuwa mwili unaodai kile ulichonyimwa ghafla. Vivyo hivyo, nafuu uliyoiona baadaye ulipokuwa na nusu kidonge pamoja na lavenda si rahisi kujua imetoka wapi.

Hilo linanifikisha kwenye kifuko cha binti yako, ambacho ni sehemu ya barua yako iliyonigusa kuliko zote. Umesema maua yake yamekuwa unga na hayanukii tena, lakini huwezi kulala bila kukishika. Ukiitazama sentensi hiyo kwa utulivu, dada yangu, utaona kwamba umeshanijibu sehemu ya swali lako mwenyewe. Kuna kitu kinachokutuliza ambacho si mafuta. Mlango uliofungwa, simu iliyoachwa sebuleni, nusu saa gizani ambayo hakuna anayekuita: haya nayo ni sehemu ya dawa yako, na kwa kadiri ninavyoona, ni muda wa kwanza ulio wako peke yako tangu mama aingie nyumbani kwenu.

Sisemi kwamba lavenda haifanyi kitu. Mafuta yake yana viambata viwili vikuu, linalooli na asetati ya linalili, ambavyo vimechunguzwa kwa miaka mingi. Uchunguzi ulio imara zaidi haukuhusu kunusa bali vidonge maalumu vyenye miligramu 80 za mafuta ya lavenda, vilivyotengenezwa Ujerumani; utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulivilinganisha na lorazepam, dawa ya kundi lile la benzodiazepini, kwa watu wenye wasiwasi uliokithiri, kwa muda wa wiki sita, na matokeo yalikaribiana. Hata hivyo, utafiti huo ulikuwa mdogo, na tafiti nyingi za vidonge hivyo zimehusisha kampuni inayovitengeneza. Kuhusu kunusa, tafiti zipo nyingi lakini nyingi ni ndogo na za muda mfupi, na zina ugumu mmoja usioepukika, nao ni kwamba mtu anayenusa lavenda anajua kwamba ananusa lavenda, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya mafuta na kazi ya matarajio. Inawezekana inakusaidia kweli, ila si lazima iwe kwa sababu unazozidhania, wala kwa kiwango unachokitumia.

Na hapa tumtazame mume wako. Umeandika kwamba ulianza na matone manne na sasa ni kumi na mawili kwa sababu manne huyasikii. Pua huzoea. Harufu inayokuzunguka kila siku hufifia kwako wakati hewani ipo vilevile, na mtu huongeza bila kujua kwamba kilichopungua ni uwezo wake wa kuisikia. Wewe umelala humo nusu saa, hewa unaiona ya kawaida; yeye anafungua mlango akitoka sebuleni na kukutana na matone kumi na mawili kwa mkupuo. Kwa mtu mwenye pumu, harufu kali na ukungu wa mafuta katika chumba kilichofungwa vinaweza kuchokoza njia za hewa, na haijalishi kama mafuta hayo yametoka kwenye ua au kiwandani.

Tena umetaja chupa mpya yenye harufu kali kuliko ya kwanza, na kwamba kikohozi kilianza karibu na wakati huo. Jambo hilo lisipite hivihivi. Si kila chupa iliyoandikwa lavenda ina mmea uleule. Lavenda inayosifiwa kwa utulivu ni Lavandula angustifolia. Ipo pia chotara yake, Lavandula x intermedia, ambayo wengine huiita lavandini, inayotoa mafuta mengi zaidi na hivyo huuzwa kwa wingi. Hiyo huwa na kafuri nyingi zaidi, na ndiyo inayoleta ule ukali unaofanana na dawa za kuchua. Kuna na chupa ambazo ndani yake ni manukato tu ya kutengenezwa. Soma maandishi madogo ya chupa yako. Ukikuta ni aina ya pili, utakuwa umepata sehemu ya maelezo, ingawa sikuahidi kwamba kubadili chupa kutamtosha mume wako.

Sasa lile neno lake: “Chumba hiki kinanuka kama chumba cha marehemu.” Wewe ulilisikia kama tusi kwa mama. Nakusihi ulisikilize upya. Mwanamume huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza mama mkwe wake kila usiku kabla ya kulala, kwa mwaka na ushei. Naye alivuta harufu ileile. Hakuna mlango wa hisia ulio karibu na kumbukumbu kama pua: harufu hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu kwa njia fupi, bila kupitia kwanza kile kituo cha katikati ambacho sauti na picha hukipitia. Ndiyo maana harufu haimkumbushi mtu kwa kumweleza. Humtupa palepale alipokuwa. Wewe lavenda inakurudisha kwenye dakika ambayo mama anashusha pumzi. Je, kama yeye inamrudisha kwenye dakika nyingine? Unaamini anataka umsahau mama. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba alikuwa anakuambia, kwa njia mbaya na akiwa amekosa pumzi, kwamba na yeye bado hajatoka katika chumba kile. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na kwa jinsi ulivyoandika, nadhani wewe pia hujui, kwa sababu mazungumzo yalikatika pale ulipomjibu.

Kuhusu cha kufanya, zipo njia kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na gharama.

Unaweza kuendelea kama ulivyo, yeye akabaki sebuleni. Utalinda utaratibu wako, na huenda kikohozi kikapungua. Lakini mwenza anayehama chumba kwa hasira huwa harudi kwa urahisi kama alivyohama, na kila juma linalopita linamfanya aone kwamba umeshachagua.

Unaweza kuacha kabisa kwa ajili yake. Hilo linaonekana la kiungwana, ila ninaogopa jambo moja: ukiacha ukiwa unaamini kwamba umenyang'anywa mama mara ya pili, kinyongo hicho kitalala kati yenu, na hakina harufu ya kumfanya mtu afungue dirisha.

Au unaweza kuitoa lavenda chumbani bila kuitoa maishani mwako. Kwa mfano, nusu saa yako ikahamia chumba kingine, dirisha likiwa wazi, bila kifaa cha ukungu. Tone moja kwenye kipande cha kitambaa, kitambaa ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Unafungua, unavuta pumzi polepole mara chache, unafunga. Kitandani unakwenda na kifuko chako kisichonukia, ambacho hakijawahi kumkohoza mtu. Ubaya wake ni kwamba harufu kidogo itabaki nguoni na mikononi, na kama kifua chake ni chepesi sana hata hiyo inaweza kumsumbua. Itabidi mjaribu na kusikilizana. Mngeweza kukubaliana majuma mawili bila lavenda yoyote katika chumba cha kulala, yeye akirejea kitandani, huku mkiandika kila asubuhi kama aliamka kukohoa na kama wewe ulirudi kulala baada ya saa tisa. Ni jaribio dogo lisilodai kwamba mmoja awe mshindi.

Jaribio hilo lisimzuie kwenda kwa daktari. Kuamka mara mbili au tatu kwa wiki kutafuta dawa ya kuvuta ni dalili kwamba pumu yake haijadhibitiwa vizuri, lavenda iwepo isiwepo, na mpango wake wa dawa unahitaji kutazamwa upya.

Ushauri wa wifi yako nadhani umetoka moyoni, na nafurahi kwamba una mtu wa kumweleza mambo yako. Lakini mafuta yale usiyatie kwenye chai. Neno “asili” linaeleza kitu kimetoka wapi, halielezi kitafanya nini mwilini. Mafuta yale ni maua mengi sana yaliyokolezwa katika matone machache kwa kuyachemsha kwa mvuke. Hayachanganyiki na maji, hivyo yanaelea juu ya chai na kugusa ulimi na koo yakiwa makali vilevile. Vile vidonge vya Ujerumani ni dozi iliyopimwa, ndani ya ganda, na hata hivyo mtu anayetumia dawa za usingizi anapaswa kumuuliza daktari kwanza, kwa sababu uzito wa dawa moja unaweza kuongezwa na nyingine. Chai ya maua makavu yanayouzwa kwa ajili ya kunywa ni jambo jingine, jepesi zaidi, ingawa hilo pia mtajie daktari. Na chupa zote mbili naomba ziondoke kando ya kitanda ziende mahali ambapo mtoto wa miaka mitano hafiki, kwani kiasi kidogo akikimeza kinaweza kumletea madhara makubwa.

Kuhusu upele, huenda unaionea sabuni. Tazama mahali ulipo: palepale unapopaka tone kila usiku, bila kulichanganya na kitu, kutoka kwenye chupa kuukuu ambayo kifuniko kimepasuka. Linalooli ikikaa kwenye hewa kwa muda mrefu huchakaa na kugeuka vitu vingine vinavyosababisha mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia huwa hauondoki. Unaweza kuamshwa baadaye hata na sabuni au losheni yenye linalooli. Acha kupaka, mwonyeshe daktari upele huo, na umweleze kuhusu chupa. Muuguzi wa mama alifanya sawasawa alipochanganya kwenye mafuta ya nazi: kwa kawaida matone sita katika mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, hutosha kwa mtu mzima ambaye ngozi yake haina tatizo. Yako kwa sasa inalo.

Inabaki saa tisa. Mwili wako ulifundishwa kwa mwaka mmoja na miezi minne kwamba saa hiyo kuna mtu anakuhitaji, na hakuna aliyeufundisha kinyume chake. Usingizi wa nusu ya pili ya usiku ni mwepesi kwa kila mtu. Watu wengi huamka na kulala tena bila kukumbuka, lakini wewe ukiamka unakuta kazi haipo. Kukosa usingizi angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi huhesabiwa kuwa tatizo sugu, na kwa tatizo hilo madaktari wengi sasa hupendekeza kwanza, kabla ya vidonge, tiba ya mazungumzo na mazoezi inayobadili fikra na mazoea ya kulala. Chama cha matabibu wa Marekani kilitoa pendekezo hilo mwaka 2016. Ndani yake mtu hujifunza, kwa mfano, kuamka saa ileile kila asubuhi, na kutoka kitandani anapoona amekaa macho kama dakika 20, badala ya kupigana na mto. Si njia rahisi. Majuma ya mwanzo mtu huweza kuchoka zaidi, na kama unaendesha gari lazima uwe mwangalifu. Muulize daktari kama ipo namna ya kuipata, na mwambie pia umri wako, kwa kuwa mabadiliko ya kuelekea kukoma kwa hedhi nayo huamsha watu usiku. Akiuliza kuhusu huzuni, usimjibu haraka kwamba uko sawa.

Kama utaona inafaa, usiku mmoja usiingie chumbani peke yako. Mwite mume wako sebuleni, hata kama ni dakika kumi, na badala ya kumweleza kuhusu mafuta, muulize yeye anakumbuka nini akisikia harufu ile. Umwambie na lako, la vile vidole na ile pumzi. Umwambie kuhusu vidonge pia, maana kulala chumba kimoja na mtu anayetetemeka mikono bila kujua sababu ni jambo la kuogofya. Anaweza asijibu siku hiyo. Anaweza kujibu kitu usichokitarajia, na itabidi uwe tayari kukisikia bila kumtetea mama, ambaye sidhani kama ameshtakiwa na yeyote.

Na ukiniandikia tena, jambo ambalo nitafurahi ulifanye, niambie mama alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kiharusi. Alipenda nini, alicheka vipi, nyumba yake ilinukia nini ulipokuwa mtoto. Nimemtafuta katika barua yako yote na nimemkuta akiwa kitandani tu.